Shari: betoni haikauki, inakunywa maji

Siku ya posho asubuhi, ukipita katika komini ya Shari, utasikia kazi mbele ya kuiona. Vitiyo vinakwaruza chini, bidoni zinagongana, vijana wanaitana kwa sauti. Kuko mutu anamwaga dale. Tangu saa kumi na mbili majirani wamefika kusaidia, mama wa nyumba amepika bugali mingi, masoni anasimama juu ya mbao na kuamuru. Kufikia saa nane kazi imeisha. Watu wanakula, masoni anapewa franga yake, kila mutu anarudi kwake.

Kesho yake ni siku ya Mungu, familia inaenda kusali. Siku inayofuata dale imekuwa nyeupe. Mwenye nyumba anapanda juu, anaipiga na kisigino, anasikia ngo, ngo. Anafurahi: "Imekauka, iko muzuri."

Ni hapo tunataka kusimama leo. Juu katika zile siku mbili, wakati hakuna mutu aliyekuwa anaangalia, nyumba inaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu iliyonunuliwa kwa bei kali. Haikupotea sokoni wala njiani. Ilipotea juani, bila kelele.

Tunajua juu sisi wenyewe tulifanya ile kosa. Tulijenga citerne ya maji ya mvua kwenye kiwanja chetu, na juu yake tukamwaga kifuniko cha betoni. Nusu moja ilikuwa chini ya muti wa avoka, nusu ingine ilikuwa kwenye jua. Ile nusu ya chini ya muti tuliifunika na majani ya ndizi, kisha watoto wakaimwangia maji kila jioni, juu ilikuwa karibu na mulango. Ile ya juani tulisema tutaifanya kesho. Wiki ile maji ilikuwa shida katika katye, na mutu hawezi kumwangia betoni wakati nyumbani hakuna ya kupikia. Kesho haikufika.

Leo, kifuniko ni kimoja, simenti ni moja, muchanga ni moja, masoni ni mumoja, siku ni moja. Lakini chini ya avoka ukikwaruza na musumari, musumari inateleza. Upande wa jua, musumari inaacha njia, na ukifagia, ufagio unabeba unga mweupe. Hatuwezi kumulaumu masoni. Yeye alimaliza kazi yake. Ile iliyobaki ilikuwa kazi yetu.

Simenti inakula maji

Neno lenyewe ndilo linatudanganya. Tunasema betoni "imekauka", sawa vile nguo kwenye kamba. Nguo ikikauka, maji imetoka, na kazi imeisha. Betoni ni kinyume. Unga wa simenti unashika maji na kuigeuza kuwa sehemu ya jiwe. Inaota vijiwe vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuona, vinajaza nafasi kati ya muchanga na changarawe, vinashikana. Ile ndiyo nguvu. Ndiyo maana betoni inaweza kukomaa hata chini ya ziwa, pahali hakuna kitu kinaweza kukauka.

Basi maji ikitoka mbele ya wakati, kazi inasimama katikati. Simenti iliyokuwa haijala maji inabaki unga tu, imefungwa ndani ya betoni, haina faida kwa mutu. Wataalamu wamepima hii jambo tangu zamani: unyevu wa ndani ya betoni ukishuka chini ya 80 kwa 100, kukomaa kunakaribia kusimama kabisa. Na kipande cha majaribio kilichoachwa kwenye hewa kavu tangu mwanzo, bila kupewa maji hata siku moja, kinaweza kubaki na karibu nusu tu ya nguvu ya ndugu yake aliyewekwa ndani ya maji.

Kwenye dale ya nyumba hasara haiko sawa pahali pote. Upande wa juu, ule unaopigwa na jua na upepo, ndio unaumia zaidi. Upande wa chini unalindwa na mbao mpaka siku mbao inatolewa. Lakini ule upande wa juu ndio unaokanyagwa, ndio unaopokea mvua, na pahali feri iko karibu na juu, ndio unaoilinda na kutu. Betoni iliyokauka mapema iko na matundu mingi. Hewa na maji vinapita, na siku moja feri inaanza kuvimba na kupasua betoni kutoka ndani.

Mavi ya chuma

Sasa kuko jambo lingine linalofanya hii habari kuwa ya haraka kuliko wakati wa wazee wetu: simenti yenyewe imebadilika.

Simenti ya zamani ilikuwa karibu yote klinka, maana yake mawe ya chokaa na udongo vilivyochomwa pamoja kwenye moto wa karibu digri 1,450, kisha vikasagwa. Moto ule unakula makaa mingi, na kila tani ya klinka inatoa angani karibu tani moja ya gazi ya kaboni, mara pungufu kidogo. Kwa sababu ya bei na kwa sababu ya hewa, viwanda vya dunia vimeanza kupunguza klinka na kuweka vitu vingine pahali pake.

Moja ya vitu vile ni kile Wafaransa wanaita laitier, na Waswahili tangu zamani wanaita mavi ya chuma. Jina linachekesha, lakini ni jina la haki. Wahunzi wa kale wa nchi zetu walilijua: ukiyeyusha mawe ya chuma, chuma kinashuka chini na uchafu unaelea juu. Kwenye tanuru kubwa za Ulaya na Asia, kila tani ya chuma inaacha mamia ya kilo ya ule uchafu. Ukiuacha upoe polepole, unakuwa jiwe tu la kuweka barabarani. Lakini ukiumwangia maji mingi ghafula ukiwa bado moto, unavunjika kuwa kama muchanga wa kioo, na ule muchanga ukisagwa unaweza kuwa simenti. Mujerumani Emil Langen alivumbua ile nguvu iliyofichwa mwaka 1862. Tangu wakati ule madaraja na bandari zimejengwa nayo. Kule Uholanzi, pahali bahari inapigana na nchi kila siku, wajenzi wanaipenda sana juu haishindwi mbio na chumvi.

Tusichanganye mambo. Kilima kile cheusi cha Lubumbashi, kile kinachoonekana kwenye picha zote za ule muji, nacho ni mavi ya kuyeyusha madini, lakini ni ya shaba. Haiko kitu kimoja. Na mawe ya volkano ya Goma ni kitu cha tatu.

Ile ya tatu inatugusa sisi watu wa Ituri zaidi. Jimbo letu halina kiwanda cha simenti. Viwanda vikubwa vya Kongo viko mbali, kule Kongo Central, na kutoka kule mpaka hapa njia ni ndefu kuliko bei. Simenti inayojenga Bunia inatoka mara mingi Uganda: ya Hima, upande wa Kasese, ao ya Tororo, karibu na mpaka wa Kenya. Inapita Mahagi, ao inapita ziwa Albert, ao inazunguka Kasindi na Beni. Na watengenezaji wa Uganda hawana tanuru kubwa za chuma karibu nao. Viwanda vingi vya chuma vya Afrika ya Mashariki vinayeyusha vyuma vikukuu. Pahali pa mavi ya chuma wanaweka majivu na mawe ya volkano yaliyosagwa, pozolana, ambayo milima ya kule magaribi ya Uganda inatoa bila shida. Jina limetoka Pozzuoli, muji wa Italia karibu na Naples, pahali Waroma walichimba yao.

Mavi ya chuma na pozolana ni binamu. Mavi ya chuma iko na nguvu yake mwenyewe lakini inalala. Inataka chokaa ya klinka kuiamusha. Pozolana haina nguvu yake mwenyewe. Inakula ile chokaa na kuigeuza kuwa jiwe. Lakini tabia yao ya nyumbani ni moja: zote zinangojea klinka ianze, zote zinafanya kazi polepole, na zote zinataka maji kwa siku mingi.

Soma mufuko

Tunaomba kila musomaji anayejenga afanye kitu kimoja mbele ya kulipa: asome mufuko. Simenti inayofuata kanuni ya Ulaya, ambayo nchi za Afrika ya Mashariki nazo zimechukua, inaandikwa herufi CEM na namba ya Kiroma.

CEM I ni klinka karibu yote. CEM II imechanganywa kidogo, mpaka 35 kwa 100. CEM III ni ile ya mavi ya chuma: A iko na 36 mpaka 65 kwa 100, B iko na 66 mpaka 80, na C inapita hapo. CEM IV ni ya pozolana: A mpaka 35 kwa 100, B mpaka 55. CEM V ni muchanganyiko wa zote mbili.

Kisha kuko namba ya nguvu: 32.5 ao 42.5. Watu mingi wanafikiri ni namba ya bei. Hapana. Inasema nguvu ambayo simenti inapaswa kufikisha kwa siku 28, katika maabara. Na herufi nyuma yake inasema mwendo: R ni ya haraka, N ni ya kawaida, L ni ya polepole, na ile L imewekwa kwa ajili ya simenti ya mavi ya chuma. Tuangalie namba kidogo. Simenti ya 32.5 R inapaswa kufika 10 kwa siku mbili tu. Ya 32.5 N haiulizwi kitu siku ya pili; inaulizwa 16 kwa siku 7. Ya 32.5 L inaulizwa 12 tu kwa siku 7. Lakini zote tatu zinapaswa kufika 32.5 siku ya 28.

Angalia vizuri maana yake. Zote tatu zinafika pahali pamoja, lakini ile ya polepole, siku ya saba, bado iko na safari ndefu. Betoni ya simenti ya kawaida kwa wiki moja inakuwa imepata karibu mbili juu ya tatu ya nguvu yake ya siku 28. Ile yenye mavi ya chuma mingi inaweza kuwa imepata nusu tu. Kisha, kama iko na maji, inaendelea wakati ingine imechoka: mwezi wa pili, mwezi wa tatu, mara mingi inamupita ndugu yake.

Kama iko na maji. Hapo ndipo penye neno. Masoni aliyefundishwa na baba yake kumwangia siku tatu alifundishwa vizuri, kwa simenti ya wakati wa baba yake. Kwa simenti ya leo siku tatu ni kama kumutoa mutoto kwenye ziwa mbele hajaota meno. Ndiyo maana tunashauri: siku 7 ni kidogo kabisa kwa simenti yoyote, kwa CEM III na CEM IV, siku 14.

Ule mufuko pia uko na tarehe, ao ulipaswa kuwa nayo. Simenti iliyotembea wiki mingi njiani na kulala kwenye depo yenye unyevu imeanza kula maji ya hewani. Miezi mitatu katika pahali pabaya inaweza kuipunguza kwa sehemu moja juu ya tano, hata zaidi. Kama kuko mabonge ambayo vidole haviwezi kuvunja, usiweke ndani ya dale wala nguzo.

Maji kidogo ndani, maji mingi juu

Sasa tufike kwenye ile kitu inayochanganya watu. Tunasema betoni inataka maji, na bado tunasema usiiwekee maji mingi. Vyote viwili ni kweli, lakini kila kimoja kwa wakati wake.

Maji ya kuchanganya inapaswa kuwa kidogo. Muamerika Duff Abrams alionyesha mwaka 1918 kule Chicago kwamba nguvu ya betoni inafuata uzito wa maji ukilinganisha na uzito wa simenti. Mufuko wa kilo 50 unataka karibu litre 25, maana yake bidoni moja ya 20 na robo ya ingine. Kwenye shantiye tunaona bidoni mbili zinaingia kwa mufuko mumoja, juu betoni laini inamwagika bila kuchosha mikono. Ile betoni ya bidoni mbili, hata ukiitunza kama mayai, itafika chini ya nusu ya nguvu ya ile ya litre 25. Na muchanga uliotoka mutoni asubuhi iko tayari na maji yake. Inapaswa kuihesabu pia.

Maji ya kutunza ndiyo inapaswa kuwa mingi, na inakuja nyuma, wakati betoni imeshika.

Tufanye hesabu ya dale moja ya Shari, metre 4 kwa 5, unene wa sentimetre 10. Ni metre kibe 2 za betoni. Kwa kilo 350 za simenti kila metre kibe, ni mifuko 14. Maji ya kuchanganya ni litre 350, maana yake bidoni 17 na nusu. Saa ya jua kali na upepo, metre moja ya mraba ya betoni mupya inaweza kupoteza litre nzima kwa saa moja, na ni katika ule mwendo ndipo dale inaanza kupasuka mbele hata haijashika. Dale yetu iko na metre 20 za mraba. Basi ni bidoni moja inayopanda angani kila saa, juu ya bidoni 17 tulizoweka. Nani angekubali kama angeona mwizi anabeba bidoni moja kila saa kwenye kiwanja chake?

Wale wanaojua musimu wa kiangazi cha Bunia, mwezi wa 12 mpaka wa 2, wanajua ule upepo unaopausha midomo. Ule upepo unapausha dale pia.

Baridi ya usiku

Kuko mwizi wa pili, yeye haibi maji, anaiba siku. Bunia iko zaidi ya metre 1,200 juu ya bahari. Usiku tunafunika blanketi. Namba zote za maabara zinapimwa kwa digri 20, usiku na mchana. Dale yetu mchana inachomwa na usiku inapoa.

Simenti yoyote inaenda polepole ikisikia baridi, lakini ile ya mavi ya chuma inasikia baridi kuliko ile ya klinka. Joto linaisaidia, kwa sharti betoni ikuwe na maji. Basi majani ya ndizi, magunia na nyasi vinafanya kazi mbili: mchana vinazuia jua kunywa maji, usiku vinaweka joto kama blanketi.

Kwa hiyo usitoe mapoto chini ya dale juu jirani ametoa yake siku ya saba. Huenda simenti yake ilikuwa ingine. Ile mbao ya pembeni ya nguzo inaweza kutoka siku ya pili ao ya tatu, haibebi kitu. Lakini siku ile ile funika nguzo, juu umemuvua nguo. Ile mbao na mapoto yanayobeba dale na linto kubwa, kwa simenti ya polepole, ngojea siku 21, na afazali 28. Tunajua mapoto yanakodiwa na kila siku iko na bei. Tunajua pia kwamba dale iko juu ya vichwa vya watoto wetu wakilala.

Mambo ya kufanya

Hatutaki kumutuma mutu kununua vitu ambavyo haviko. Haya yote yanapatikana Shari.

Mwaga dale mapema sana ao alasiri, si saa sita ya jua. Lowesha mbao na matofali mbele, visinywe maji ya betoni. Kama kuko upepo, simamisha shiti ao mabati kama ukuta.

Wakati betoni imepoteza mungaro wake na kidole hakiachi tena alama, funika. Kuko njia tatu.

Njia ya kwanza ni bwawa. Zungusha udongo wa mufinyanzi kwenye kingo za dale, jaza maji sentimetre 3. Kwa dale yetu ni litre 600, bidoni 30 siku ya kwanza, kisha unaongeza kidogo tu. Ni njia nzuri kuliko zote kama uko na chemchemi karibu ao ni musimu wa mvua.

Njia ya pili ni magunia ya zamani, nyasi, majani ya ndizi ao muchanga, vikiwa vimeloweshwa. Bidoni mbili asubuhi, mbili jioni. Kwa siku 14 ni bidoni 56. Sheria ni moja: visikauke hata mara moja. Kulowesha na kukausha, kulowesha na kukausha, inapasua betoni.

Njia ya tatu ni bashi ya plastiki. Lowesha dale mara moja, tandika bashi, weka mawe kwenye kingo zote ili upepo usiingie. Maji ya ndani inabaki ndani. Ukiinua asubuhi, utaona matone chini ya bashi: ile ni alama kazi inaendelea. Kwa familia ambayo inabeba kila bidoni kichwani, hii ndiyo njia yetu tunaipenda. Inataka bidoni chache kabisa.

Linganisha wewe mwenyewe bei ya bidoni 56, ao ya bashi moja, na bei ya mifuko 14 katika katye yako. Hatutaandika bei hapa juu inabadilika kila barabara ya Mahagi ikifungwa. Lakini mwaka wowote, kitu cha bei nafuu katika dale ni yale maji ya kutunza, na ndicho cha kwanza kusahauliwa.

Kisha kuko shida ya watu. Masoni analipwa kwa siku ao kwa kazi, na kazi inaisha wakati dale imesawazishwa. Hakuna mutu amelipwa kwa siku 14 za maji. Tunashauri hivi: katika mapatano, weka pembeni sehemu ya malipo ya mwisho, ilipwe siku ya 14, na andika jina la mutu atakayemwangia, akuwe kijana wa masoni ao mutoto wa nyumba. Kazi isiyo na jina haifanywi.

Jaribu mwenyewe

Kama musomaji hatuamini, asituamini. Siku ya kumwaga dale, achukue betoni kutoka lundo moja, ajaze makopo sita ya maziwa yanayolingana. Kesho yake ayatoe kwenye makopo. Matatu ayaweke ndani ya ndoo ya maji, kivulini. Matatu ayaache juu ya ukuta, juani. Asubiri siku 28, atoe yale ya ndoo, ayaache yapukute maji siku moja, kisha akwaruze yote na musumari na kuyapiga na nyundo ile ile.

Haiko maabara, haitakupa namba. Kwa kazi kubwa, kama shule ao nyumba ya orofa, pelekea wenye mashini ya kuvunja vipande na uombe karatasi. Lakini mukono utasikia tofauti, na masoni wako atasikia pia, bila mutu kumutukana. Na kama simenti yako ilikuwa ya mavi ya chuma ya kweli, utaona kitu cha ajabu: ukivunja kile kilichokaa majini, ndani yake iko na rangi ya buluu yenye kijani. Siku chache hewani inapotea. Usiogope, haijaoza.

Muji wetu unapanuka. Tangu vita vya Djugu na Irumu, familia mingi zimekuja kutafuta usalama hapa, na wale ambao wamepata kiwanja wanajenga na kile kidogo kilichobaki: ngombe iliyouzwa, franga ya ndugu aliye mbali, likelemba ya wamama. Nyumba kama ile haijengwi mara mbili. Mutu aliyekimbia mara moja anataka ukuta ambao watoto wake watauacha kwa watoto wao.

Sisi, ule upande wa jua wa kifuniko cha citerne tutauvunja na kuumwaga tena kiangazi kikiisha, na safari hii bashi itakuwa imenunuliwa mbele ya simenti. Upande wa avoka utabaki. Watoto walioumwangia maji kila jioni bila kujua ni kwa nini, wamekuwa wakubwa sasa, na wakipita wanapenda kuupiga na kisigino ili sisi tusikie.